Mrejesho: Video za familia kwenye kompyuta ya nyumbani

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kupanga video za familia zilizotapakaa kwenye kompyuta, na kwa nini ile ya harusi ya dada inagoma kuhamia diski ya nje wakati nafasi ipo tele.

Aliyeniambia niangalie fomati (namna diski inavyopanga na kuhifadhi faili), ubarikiwe sana. Diski ilikuwa FAT32, ambayo haipokei faili moja la kuzidi GB 4 hata kama iko tupu. Harusi yenyewe ni GB 11! Nikahamisha vilivyokuwemo kwanza (kufomati kunafuta kila kitu), nikaifomati kwa exFAT, fomati isiyo na kikomo hicho cha GB 4, ikaingia bila ubishi.

Kazi ilikuwa kwenye majina. Sasa kila faili linaanza na mwaka, mwezi, siku: "2016-12-17 Sendofu Temeke". Kompyuta inazipanga yenyewe kwa tarehe. Zimebaki chache tu za "VID_0043", nyingi ni mjomba anarekodi sakafu huku anaongea.

Zile DVD za mpiga video sijazibana kwa HandBrake (programu ya kupunguza ukubwa wa faili za video) kama mmoja alivyoshauri. Ukibana upya ubora unapungua, na DVD za PAL (mfumo wa video wa DVD za kwetu) zenyewe ni pikseli 720 × 576 tu, utapunguza nini tena? Nimenakili folda ya VIDEO_TS nzima (ndiyo yenye video ndani ya DVD), na programu ya VLC inaifungua vizuri.

Nakala ya pili iko kwenye diski niliyonunua Kariakoo, inakaa kwa mama Mbagala.

Bado kanda za VHS. Mwenye deki nzima hapa Dar anitajie bei.