Ati dera langu ni hema la jikoni! Kiangazi gani hicho mwezi wa sita?

Binti_Kuze:
Nimeshuka kwenye treni Miritini sasa hivi, nyumbani sijafika, begi liko miguuni linanuka ukungu. Naandika na hasira zangu, kwa hivyo asije mtu kunisahihisha herufi.

Mnamjua. Simtaji. Yule wa safari za kila mwezi, wa kofia ya kijani, anayejiita mtu wa milima na kazaliwa papa hapa kwenye joto kama sisi sote.

Wiki tatu kabla ya kupanda Mlima Kenya akatutumia orodha ya nguo kwenye kundi. Ninayo bado: "Mwanzo wa kiangazi milimani: fulana mbili, kaptura, koti jepesi, kofia ya jua, miwani. Msijibebeshe mizigo." Kiangazi! Mwezi wa sita! Nyanya yangu hakukanyaga darasa na anajua mwezi wa sita ni kipupwe. Upepo wa kusi umekaza, hata huku kwetu wavuvi wanatoka na sweta alfajiri. Kiangazi ni wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Februari huko. Kaiokota orodha mtandaoni, ya Wazungu wanaokwenda Alps, kaigeuza Kiswahili, katutumia. Huu mlima uko ikweta, babangu!

Mimi kwa akili zangu nikaongeza madera matatu ya kulalia na leso. Mtoto wa kike hatoki safari bila leso. Hiyo ndiyo hatia yangu?

Jioni ya kwanza, kambi ya Old Moses, mita 3,300. Manyunyu, ukungu umeshuka mpaka ndani ya vikombe vya chai. Nimeinama natafuta soksi kavu, vidole vimekufa, zipu haishikiki. Huyo bwana kaja, katia mkono KWENYE BEGI LANGU, kalitoa dera la maua ya machungwa kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya mtungini. Upepo ukaliingia. Likajaa kama tanga la jahazi. Mbele ya wapagazi, mbele ya wapishi, mbele ya wale vijana wa Nyali wanaozungumza Kiswahili kama wanatufanyia hisani. Akasema: "Hili tutalifanya hema la jikoni, letu limechanika."

Walicheka mpaka nadhani Nanyuki waliwasikia. Na wallahi, haijapita robo saa, mpishi akaja kwa adabu zake zote kuniuliza kama anaweza kulichukua sasa au angoje nimalize kulitumia.

Hema la jikoni! Yeye aliyetuambia koti jepesi! Usiku ule nililala na fulana mbili, madera mawili, koti la mvua juu na leso kichwani, na meno bado yanapiga chapuo. Kesho yake Shipton's, mita 4,200, maji ya chupa yameamka na barafu. Saa tisa za usiku walipoondoka kwenda kilele cha Lenana mimi nilibaki. Wacha waende. Nilikuwa nawaza dera tu.

Mwana_wa_Tudor:
Pole dada. Lakini maua ya machungwa? Hapo hata mimi ningetafuta kamba na vigingi.

Mamake_Pili:
Nimemsomea mamangu, yuwacheka mpaka kikohozi kimemrudi. Auliza: hilo dera ni saizi gani hata mpishi akaona jiko na sufuria zaingia?

Binti_Kuze:
Saizi moja. Madera yote ni saizi moja! Msinianze.

Kobe_Mzee:
Tuliweke dera kando kidogo. Ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Lenana ni mita 4,985. Mombasa ikiwa nyuzi 27, toeni wenyewe muone kinachobaki. Tena adui yenu ni pamba. Ikishanyonya jasho haikauki, inakuganda mwilini mpaka asubuhi. Ndani vaa sufu au polista, katikati sweta zito, juu koti lisilopitisha upepo wala mvua. Glavu pea mbili, maana moja italowa. Boshori ya masikio. Soksi na nguo za kulalia zifunge kwenye nailoni, mchana haziguswi hata ukilia. Na hata huko Alps, mwezi wa sita njia za juu bado zina theluji, kwa hivyo orodha hiyo ingewaumbua wenyewe pia.

Mwana_wa_Tudor:
Watu wako kwenye matusi, mzee kaja na daftari la jiografia.

Kobe_Mzee:
Utanikumbuka siku utakayovaa jinzi ikanyeshewa. Nilipanda na jinzi mwaka wangu wa kwanza. Usiku niliivua nikaiegemeza ukutani, ikasimama peke yake.

Wa_Kisauni:
Na makoti hayo yote yako Kongowea, kwa mtumba. Mimi nilijinunulia la kijivu, la Mzungu kabisa, limejaa manyoya ya bata, mfukoni nikakuta glavu moja ya mtoto. Sijawahi kwenda kokote kwenye baridi. Nalivaa nikifungua friji.

Binti_Kuze:
Mnaelewa lakini kwamba alitia mkono kwenye begi LANGU? Mbele za watu?

Nilikuwepo:
Mimi nilikuwa kwenye hiyo safari. Binti_Kuze, mbona hukumaliza kisa? Waambie nani alikuja kukuamsha saa tisa kasoro kuazima leso.

Mwana_wa_Tudor:
HAPANA.

Nilikuwepo:
Ndiyo. Mtu wa milima hakuwa na boshori. Alikuwa na kofia ya jua, kama orodha yake ilivyosema. Kafika Lenana leso imemzunguka masikio na kidevu kama mama aliyeng'olewa jino. Picha ninazo. Jina la leso linasomeka vizuri kabisa kwenye paji la uso: MDHANIAYE NDIYE SIYE.

Mamake_Pili:
Mamangu kaanguka kitini.

Binti_Kuze:
Na HAJAIRUDISHA. Nilimpa kwa sababu nilimwonea imani, midomo ilikuwa ya buluu. Ile ni doti jamani! Mwenzake ninayo hapa begini, imebaki kizuka. Dera kaliita hema, leso kaenda nayo. Hema la jikoni!

Jirani_Mwema:
Leso moja tu? Mimi fundi wangu wa Majengo ana doti nzima tangu kabla ya Idi. Nikienda, "kesho baada ya laasiri".

Wa_Kisauni:
Subiri. Mwenye cherehani mbili, moja mbovu, na redio?

Jirani_Mwema:
Huyo huyo!

Wa_Kisauni:
Alinishonea gauni la harusi ya dadangu, mkono wa kulia wangu, wa kushoto wa mtoto wa darasa la tatu. Nilipomwonyesha akaniambia nishushe bega.

Mamake_Pili:
Kwetu alikata kitambaa cha pazia akafanya suruali. Tulipolia akasema pazia litapatikana kwenye chenji.

Kobe_Mzee:
Huyo hakosi kipimo, hakipimi. Kipimo cha tepu kinaning'inia shingoni kama tasbihi tu. Mimi nilimpeleka kanzu, ikarudi shati.

Binti_Kuze:
Jamani. Uzi wangu ulikuwa wa mlima.

Jirani_Mwema:
Ngoja kidogo dada. Kobe_Mzee, na pesa alikurudishia?

Kobe_Mzee:
Aliniongezea bei. Alisema shati lina kazi zaidi, vifungo.

Mwana_wa_Tudor:
Hahaha, "vifungo". Kwani anafungua saa ngapi? Nina kitambaa hapa.

Wa_Kisauni:
Saa nne, na bado utamkuta anakunywa kahawa ng'ambo ya barabara.

Binti_Kuze:
Huyo fundi anaweza kutia bitana kwenye dera? Nauliza tu.

Jirani_Mwema:
Anaweza. Kesho baada ya laasiri.