Mapambo ya unga yenye harufu ya viungo yanalainika, na harufu inaisha. Nimekosea wapi?

MamaWawili_Tanga
Wadau, naombeni msaada. Nimekanda unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, maji kikombe 1, mdalasini vijiko 2 vya chakula na karafuu ya kusaga kijiko 1. Nikakata nyota za mti wa Krismasi, nikaoka kwa nyuzi 120 muda wa saa 3. Zilitoka kavu. Baada ya wiki zinalowana kama zinatoka jasho, moja imechanika kwenye tundu la uzi, na harufu karibu hamna.

FundiUnga
Vipimo viko sawa, ila robo tatu kikombe ya maji ingetosha. Tatizo ni chumvi: inavuta unyevu wa hewani, na huko pwani hewa haikauki. Zirudishe kwenye oveni, nyuzi 100. Kila nusu saa weka moja kwenye mizani. Uzito usiposhuka tena, maji yameisha. Zikipoa, paka vanishi mara 2, mbele, nyuma, ukingoni na ndani ya tundu (tumia kijiti cha meno). Tundu ndilo linalosahaulika, na ndipo unyevu unapoingilia. Ukipaka vanishi kabla hazijakauka, unyevu unabaki ndani na zitaota ukungu.

Karafuu_Pemba
Sawa, lakini vanishi ikifunga unyevu nje inafunga na harufu ndani. Tena saa 3 za moto zimeshapunguza mafuta ya viungo, na mafuta ndiyo harufu yenyewe. Kwa pwani achana na chumvi kabisa.

Menya matufaa 3, chemsha kwa maji kidogo, ponda, rudisha motoni mpaka uwe uji mzito usiotiririka kwenye kijiko. Chukua robo tatu kikombe, changanya na mdalasini wa unga kikombe 1, karafuu kijiko 1 cha chakula na gundi nyeupe ya mbao vijiko 2. Ukisaga mdalasini mwenyewe, uchekeche, chenga zinapasua pambo. Donge likimeguka ongeza uji wa tufaa, likinata ongeza mdalasini, kidogo kidogo. Liache nusu saa, kisha lisukume katikati ya nailoni mbili hadi unene wa milimita 5. Toboa kwa mrija wa soda, sentimita 1 kutoka ukingoni.

Usioke. Anika kwenye wavu, kivulini penye upepo, siku 3 au 4, ukigeuza asubuhi na jioni. Usipogeuza, upande wa juu unakauka kwanza na pambo linajikunja. Jua kali nalo linapasua ukingo. Vanishi usipake. Harufu ikififia, sugua nyuma kwa msasa laini, itarudi.

MamaWawili_Tanga
Asanteni sana. Hizi za zamani nizitupe?

Karafuu_Pemba
Hapana dada, kama hazina ukungu. Fanya alivyosema FundiUnga, halafu harufu itoke kwenye utepe: funga karafuu nzima 5 au 6 kwenye fundo. Iliyochanika ndiyo ya kutupa.

FundiUnga
Kama kuna mbwa nyumbani, za chumvi zining'inizwe juu asikofika. Chumvi hiyo ikiliwa ni sumu kwake, hata kama pambo limekauka.