Naomba ushauri: daftari la bibi na sadaka ya kumkumbuka

Asalaam aleikum. Bibi yetu wa Paje ametangulia mbele ya haki, wiki ijayo arubaini. Kilimo cha mwani kaanza nacho 1989. Bamvua likitoa maji, asubuhi yumo baharini na kamba zake. Akirudi, hodi nyumba kwa nyumba, nani kazaa, nani anaumwa.

Sasa kashani mwake tumekuta daftari la upatu, kurasa zimegandana kwa chumvi. Kaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: majina ya kinamama na pesa, mengine yamepigwa mstari, mengine bado. Msahafu nasoma, lakini mwandiko ule umenishinda. Nani anamjua mzee wa kutusomea? Deni la maiti haliwekwi.

Halafu kaka anataka pesa za rambirambi zichapishiwe fulana zenye picha yake. Bibi huyu huyu aliyekuwa akiona kamera anajifunika ukaya mpaka machoni! Mie naona bora tangi la maji pale kinamama wanapoanika mwani, iwe sadaka ya kuendelea. Mliowahi kuweka, lita 1,000 zinatosha? Na kaka nimwambieje asinune?