Mdogo wangu amefungwa miaka 30 kwa bangi. Msamaha wa Rais unaweza kumfikia?

Dada wa Makorora
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nipo Tanga mjini. Mdogo wangu alikuwa wa bodaboda. Mwaka 2019 alipewa gunia Muheza alilete mjini, ujira shilingi 20,000. Sisemi hakujua kilichomo. Alijua. Kilo 14 za bangi. Mwenye mzigo hadi leo hajaonekana, yeye akafungwa miaka 30 akiwa na umri wa miaka 22. Hakumpiga mtu, hakumwibia mtu.

Kila tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru ambayo mara nyingi Rais husamehe wafungwa, mama anakaa na redio tangu alfajiri, vitumbua vinaungua jikoni. Aprili 2021 Rais Samia aliposamehe wafungwa 5,001 tulifua hadi shuka za kitanda chake. Hakuwemo. Sasa nasikia Marekani Biden aliwasamehe wote wa bangi. Huku kwetu familia inaweza kuomba?

Mzee wa Masjala
Waaleikum salaam binti yangu, pole sana. Nimestaafu kazi ya mahakama. Mamlaka hayo Rais anayo kwa Ibara ya 45 ya Katiba: kusamehe kabisa, kupunguza adhabu au kuibadilisha. Ibara yenyewe haibagui kosa. Mlango hufungwa na masharti ya tangazo la msamaha, maana mara nyingi wa dawa za kulevya huachwa nje, na kwenye sheria ya dawa za kulevya ya 2015 bangi imo fungu moja na heroini. Parole nako, yaani kutoka kabla ya muda kwa masharti, wa dawa za kulevya hawaingii. Barua kwa Rais andikeni, ila msiitegemee peke yake. Alikata rufaa?

Dada wa Makorora
Hapana, baba. Hatukujua kama kuna siku za kuhesabu. Tulikuwa tunalia tu.

Mtoto wa Ngamiani (nipo Baltimore)
Dada, hiyo habari ya Biden imefika huko imekuzwa. Oktoba 2022 alisamehe waliotiwa hatiani na mahakama za serikali kuu, si za majimbo, kwa kukutwa na bangi tu. Hakuna aliyetoka gerezani kwa msamaha ule, kwa sababu kwenye magereza ya serikali kuu hakukuwa na mtu aliyefungwa kwa kosa hilo peke yake. Walipunguziwa uzito wa doa la hukumu, na doa hilo huku linakunyima kazi na nyumba ya kupanga. Hapa Maryland gavana Wes Moore alisamehe hukumu zaidi ya 175,000 Juni 2024, nazo si za wasafirishaji. Wenye vifungo virefu walikuja kukumbukwa Januari 2025, Biden anaondoka, alipowapunguzia adhabu karibu watu 2,500 wa makosa ya dawa za kulevya yasiyo na ukatili. Mfano wa kumtajia Rais kwenye barua ni huo wa kupunguza adhabu.

Mama Shukuru, Bagamoyo
Mimi naomba mnivumilie. Mwanangu bangi ilimharibu akili, namfungia ndani kama mtoto mdogo. Waliomletea walikuwa ni hao hao wa pikipiki. Nikisikia msamaha moyo unakataa.

Dada wa Makorora
Mama Shukuru, shikamoo. Sina neno la kukujibu, ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo. Mdogo wangu alistahili kufungwa. Lakini akiimaliza miaka yote atatoka ana miaka 52, mama yetu hatakuwepo, na mwenye gunia anakula ubwabwa wake. Hiyo miaka 30 mzigo wote ameubeba mbebaji.

Mama Shukuru, Bagamoyo
Marahaba mwanangu. Huyo mwenye gunia ndiye ninayemtaka mimi.

Mzee wa Masjala
Binti, sikiliza. Notisi ya rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku 10, rufaa yenyewe siku 45. Zimepita, lakini mnaweza kuomba kuongezewa muda mkieleza sababu ya kuchelewa. Aliye gerezani hupitishia kwa mkuu wa gereza. Kwanza pateni nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Angalieni gunia lilipita mikono ya nani tangu barabarani hadi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kama kila makabidhiano yaliandikwa. Kesi nyingi za bangi zimeanguka hapo.

Dada wa Makorora
Ahsante baba. Jumatatu naenda masjala. Mama nimemwambia, anatafuta namba ya kesi kwenye sanduku lenye kofia ya pikipiki ya mdogo wangu.