Nimepata boksi la vitabu, nataka vizunguke kwa wasomaji wa Mwanza. Mnafanyaje virudi?

mdau_wa_Igoma:
Wakuu habari za jioni. Ndugu yangu katoka Dar kaniletea boksi la vitabu, vingi riwaya za Kiswahili, vingine bado viko kwenye nailoni yake, humo kuna Peponi ya Gurnah na pia kile cha mzee Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, chapa ya zamani, sijui alikipata wapi. Sasa mi sipendi kitabu nikishamaliza kikae kabatini wakati najua kuna watu hapa mjini wanavitafuta na wengine bei inawashinda, nataka asome huyu ampe yule, Igoma, Nyegezi, hata Sengerema kama kuna mtu. Ila mwaka jana nilimuazima jirani riwaya mbili, moja mpaka leo sijaiona, nyingine imerudi haina jalada na kurasa za mwanzo zimeshikana kwa chai. Iliniuma sana. Mnafanyaje? Kuna jamaa anasema nipige skani vyote nivirushe kwenye grupu la WhatsApp yaishe.

msomaji_Kirumba:
Mkuu hongera kwa roho hiyo. Ila ya skani achana nayo kabisa. Kitabu ulichonunua kumuazima mwenzako hakuna tatizo, lakini kukinakili chote na kukisambaza bila ruhusa ni kosa, tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999. Na hata sheria ukiiweka pembeni, angalia huyo huyo Kitereza, kamaliza kuandika kwa Kikerewe 1945, kakosa wa kumchapishia, akaja kukitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka 1980, mwaka uliofuata akafariki. Waandishi wetu wanateseka vya kutosha jamani, tusiwamalizie.

dada_Nansio:
Kaka sisi huku kisiwani Ukerewe tunazungusha vitabu na dawa tuliyoipata ni foleni. Kabla kitabu hakijatoka mkononi kwako uwe umeshaandika kwenye daftari nani anasoma, nani anafuata na nani baada yake, na wote wajuane kwa simu. Hapo wewe mwenye kitabu hudai mtu, anayefuata ndo anampigia mwenzake kila siku "dada umefika wapi, nakisubiri", mtu hawezi kukikalia. Wale wa "nitachukua siku moja moja" usiwape.
Halafu kila kitabu kivishe nailoni ngumu kama tulivyokuwa tunafunika madaftari ya shule, usigandishe selotepu kwenye jalada lenyewe, ibaki kwenye nailoni tu maana ikibanduka inaondoka na rangi. Kikivuka na meli kifungwe mara mbili na apewe mtu abebe mkononi, kisiwekwe na mizigo, kuna riwaya yetu ilikaa chini ya gunia la dagaa, mpaka kesho ukiifungua unasikia harufu. Na nyumba za karibu na ziwa msikiegemeze ukutani, kinavuta unyevu kinaota madoa.

mstaafu_Pasiansi:
Wanangu nawasalimu. Foleni ni sawa ila muda msiwe wakali, Kitereza ni mnene, mtu wa kazi hamalizi wiki mbili, mpeni hata miezi miwili. Peponi ndo iende mbio, toka Gurnah apate Nobel 2021 kila mtu anamuulizia, na tafsiri ya Ida Hadjivayanis inasomeka vizuri sana, Kiswahili chake kimetulia. Na makabidhiano yafanyike ana kwa ana, si kuachiana dukani au kwa bodaboda, mkutane hata maktaba ya mkoa Jumamosi mkae kidogo mzungumze mlichosoma, mi hicho ndo ninachokitafuta tangu nistaafu, mtu wa kuzungumza naye kitabu.

mdau_wa_Igoma:
Shikamoo mzee wangu. Nimewaelewa wote, skani nimeifuta kichwani. Dada wa Nansio, Kitereza anza nacho wewe maana ni cha huko kwenu, ntakuletea mwenyewe bandarini. Peponi mzee anaanza. Wengine tajeni mtaa na kitabu, naandika daftari usiku huu.

kijana_Buzuruga:
Peponi niweke nyuma ya mzee. Na kama humo kuna chochote cha Kezilahabi naomba niwe wa kwanza, nailoni nanunua mwenyewe.