Naomba ushauri: RCA ya Oman inaruka kila bei ya mafuta ikishuka

Habari zenu wakuu. Nakokotoa fahirisi ya uchangamani wa uchumi wa Oman (kipimo cha wingi na ugumu wa bidhaa ambazo nchi huuza nje) kwa takwimu za biashara za UN Comtrade, misimbo ya bidhaa ya HS yenye tarakimu 4, 2012 hadi 2019. Nimekwama hatua ya kwanza kabisa, RCA (faida linganishi iliyodhihirika) ya Balassa: hisa ya bidhaa katika mauzo ya nje ya nchi, gawanya kwa hisa yake katika biashara ya dunia. Ikifika 1, nchi inahesabiwa kuwa na ushindani katika bidhaa hiyo.

Tatizo ni mafuta ghafi (2709). Pipa lilishuka kutoka zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 hadi chini ya 30 Januari 2016. Jumla ya mauzo ikisinyaa hivyo, bidhaa yenye RCA ya 0.8 inaweza kuvuka 1 bila kuuzwa hata tani moja ya ziada. Ukisoma haraka utadhani nchi imepanua wigo, kumbe ni kigawanyo tu kimepungua.

Nimetumia wastani wa miaka 3: mruko umepungua, haujaisha. Nikaondoa sura ya 27 yote ya HS (mafuta, gesi na nishati nyingine), kwa Oman na kwa dunia. Sasa urea (3102) na alumini ghafi (7601) zinapaa, nazo zinaendeshwa na gesi ileile niliyoiondoa! Hilo ndilo linanisumbua zaidi.

Je, nigawanye kwa idadi ya watu badala ya jumla ya mauzo, ingawa Oman ina watu wachache? Na magari (8703) yanayoingizwa kisha kuuzwa tena nje, niyatoe kabla ya RCA ilhali si kila nchi huyatenganisha kwenye taarifa zake?