Tupeane uzoefu: nani ameshaandikiwa faini na kaunsili ya huku Uingereza kwa "kero mtaani"?

Mzee_wa_Kamba: Wakuu, jana nimepita kwenye bustani nikakuta kijana kasimamishwa na wale wa jaketi jeusi, waandika faini wa kaunsili, moyo ukanipasuka. Mwaka juzi yalinikuta mimi. Nilikuwa natembeza mbwa wa watu, kibarua cha asubuhi kabla ya kazi yenyewe. Siku hiyo mwenzangu anaumwa, nikachukua na mbwa wake, jumla watano. Dada mmoja wa jaketi akahesabu kwa kidole, akarudia tena kama mtu anayehakiki chenji. "Hapa mwisho wanne." Pauni 100. Kibao kipo, na nimepita chini yake miezi sita, ila mti wa kutambaa umekimeza, limebaki neno moja tu: DOGS. Sasa neno hilo peke yake linakataza nini? Nani mwingine?

Bi_Sitara: Mswahili na mbwa watano, asubuhi yote hiyo 😂😂

Mzee_wa_Kamba: Dada, kodi ya nyumba haiulizi najisi.

Kinyozi77: Mimi baiskeli. Mtaa wa watembea kwa miguu, Jumapili asubuhi, hakuna hata njiwa. Nakuelewa sana.

Karani: Msichanganye mambo. Hizo ni amri za kulinda maeneo ya umma, kwa kifupi PSPO, zimetokana na sheria ya 2014, England na Wales. Halmashauri inachora eneo kwenye ramani, inaandika kinachokatazwa humo, amri inadumu hadi miaka 3 na inaweza kurefushwa. Ndiyo maana kosa la upande huu wa barabara si kosa upande wa pili. Faini ya papo kwa papo sheria hiyo iliiweka hadi pauni 100. Usipolipa ukafikishwa mahakamani, inafika hadi 1,000. Takataka ni sheria nyingine.

Tembo_Mkavu: Takataka ni 500 mkuu, usidanganye watu.

Karani: Nimesema NI SHERIA NYINGINE. Hiyo 500 ndiyo kiwango cha juu England tangu 2023, kila kaunsili inapanga yake humo ndani. Na kichungi cha sigara ni takataka, kabla hujaniuliza.

Tembo_Mkavu: Haya mwalimu.

Mama_Zuu: Mmenikumbusha siku ya tanga la shemeji yangu. Ukumbi tulikodi mpaka saa mbili usiku, watu wakawa wengi, wanaume wakatoka nje kwenye mabenchi. Baba mdogo alikuwa na kopo lake la bia, mtu mzima, miaka sitini na kitu, amelia tangu alfajiri. Wakaja wawili wa jaketi, wakamwambia kwa adabu kabisa, eneo hili lina amri, tunaomba utukabidhi hilo kopo. Angelitoa tu. Baba mdogo akawaangalia, akainua kopo, akalipiga lote kwa mkupuo mmoja mbele yao, akaligeuza chini walione tupu, ndipo akawapa. Vijana wakacheka. Mimi nikajua tumekwisha. Wakamwomba jina, akawajibu "muulizeni marehemu". Polisi wakaitwa. Mjane anachungulia mlangoni na kanga yake ya msiba, anaona baba mdogo wake anashikwa mkono akipelekwa kwenye gari lenye taa zinazunguka. Hawakumlaza ndani, walimwandikia karatasi wakamwachia. Karatasi akaitia mfukoni mwa koti la msibani, koti likaenda kabatini. Tulipoikumbuka, barua ya mahakama ilikuwa imeshadondoka mlangoni. Mpaka leo mjane na baba mdogo hawaongei vizuri.

Kinyozi77: "Muulizeni marehemu" 🙆🏾‍♂️

Karani: Pole sana Mama Zuu. Kwa pombe, kunywa kwenyewe si kosa. Kosa ni kukataa kuacha au kukabidhi ukishaambiwa, na lazima wakueleze kwamba kukataa ni kosa. Mahakamani mwisho 500. Tena ukimwomba wa kaunsili kitambulisho cha mamlaka akashindwa kukuonyesha, agizo lake halina nguvu.

Tembo_Mkavu: Wewe mweleze hayo mtu wa msibani saa tatu usiku.

Jaketi_Jeusi: Nimesoma kimya muda mrefu, acha niseme. Mimi nilivaa hilo jaketi miaka miwili. Si kaunsili iliyoniajiri, ni kampuni iliyopewa zabuni. Ofisini kulikuwa na ubao, majina yetu na idadi ya karatasi kila mtu. Wa mwisho ubaoni anapangiwa zamu ya mvua.

Usiku mmoja nina karatasi mbili tu. Kuna mtu kalala mlangoni mwa duka, amri ya pale ilikataza kuziba milango. Nikamwamsha, nikamuuliza anwani. Akasema, "Andika mlango huu." Nikaandika. Akaipokea, akaikunja vizuri, akaisukuma chini ya boksi alilolalia, akaniambia asante, imezidisha unene. Sikuacha kazi siku ile, nisiwadanganye. Niliacha miezi minne baadaye nilipopata ya stoo.

Bi_Sitara: Na bado unajisimulia bila aibu.

Mama_Zuu: Kumbe tunaishi nao humu humu. Mgambo wa nyumbani afadhali, anabeba meza yako lakini hakupi namba ya malipo.

Jirani_Usiku: Mwacheni. Nyie hamlali dirisha linalotazama maegesho ambako vijana wanashindanisha magari mpaka saa nane usiku. Amri ilipowekwa nililala. Nilimshukuru mtu wa jaketi.

Tembo_Mkavu: Magari sawa. Mtu aliyelala je?

Jirani_Usiku: Hilo sijalitetea.

Karani: Mwongozo wa serikali wa 2017 umesema wazi amri hizi zisimlenge mtu kwa sababu tu hana makazi. Na mkazi anaweza kuipinga amri Mahakama Kuu ndani ya wiki 6 tangu itolewe.

Kinyozi77: Mahakama Kuu kwa faini ya 100, wakili atachukua nyumba.

Bi_Sitara: Ushauri wangu: lipa ndani ya siku 14, sahau.

Tembo_Mkavu: Usilipe! Piga picha kibao, waandikie kwanza.

Jirani_Usiku: Piga picha NA uweke hela pembeni. Na usitaje jina la uongo, utazidisha.

Bi_Sitara: Au punguza mbwa.

Mzee_wa_Kamba: Nilipiga picha, niliandika. Wakajibu kwamba kibao "kinaonekana vya kutosha". Nikalipa. Wiki iliyofuata wakaja kukata ule mti.

Kinyozi77: Samahani kutoka nje ya mada mkuu, hiyo kazi wanalipa kwa saa au kwa mbwa?

Mzee_wa_Kamba: Kwa mbwa. Ndiyo maana walikuwa watano.